Pole ya Mtandao

Sura ya Tano

Waya ulikuwa umekatwa kwa kisu, tena kisu kikali, na aliyeukata hakuwa mwizi.

Inspekta Zipora Ndahani alichuchumaa nyuma ya nyumba moja ya Miyuji, Dodoma, upepo wa Agosti ukimmwagia vumbi mgongoni, akazishika zile ncha mbili kwa vidole. Shaba ilikuwa bado inang'aa. Mwaka ule wa elfu mbili na tatu shaba ilikuwa na wapenzi wengi kuliko mahindi. Tangu soko liwe huria, kila mtaa ulikuwa na mizani ya vyuma chakavu, na vijana wa mjini walikuwa wakifumua waya za simu kutoka nguzo hadi nguzo kama mtu anavyofumua sweta kuukuu. Mwizi wa waya huondoka na waya. Huyu alikata mara moja tu, akaacha kila kitu kinaning'inia.

"Labda alishtushwa, Afande," alisema Konstebo Batholomeo, askari mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu na asiyetaka kesi ndefu.

"Na nini?"

"Mbwa."

"Nyumba hii haina mbwa."

"Basi alishtushwa na kukosekana kwa mbwa. Mimi ningeshtuka."

Zipora alikuwa anatazama ua. Waya ulitoka ukutani, ukapita katikati ya ua wa minyaa kabla ya kupanda nguzoni, na hapo ulipopita, matawi mawili yalikuwa yamevunjwa. Utomvu mweupe ulikuwa umechuruzika hadi chini, ukakauka. Mtu alijipenyeza hapo usiku au jioni, bila kuona vizuri, akavunja matawi kwa bega au kwa mkono.

"Usiguse," alisema Zipora.

"Mimi ni wa Kibakwe, Afande. Minyaa imenilea. Shangazi yangu utomvu wake uliwahi kumrukia jichoni, juma zima alishinda kafunga kitambaa."

Huku nyuma, mlangoni mwa jikoni, mwenye nyumba alikuwa amesimama na khanga juu ya sketi ya ofisini. Jina lake Evelina, mtumishi wa Bunge. Asubuhi ile alikuwa amekwenda kituoni kushitaki kwamba mtandao wa nyumbani kwake umekatika, na kituoni walimcheka. "Mama, mtandao ukikatika unakwenda kwa watu wa simu, huji polisi," askari wa zamu alimwambia, na mwenzake akauliza mtuhumiwa ana urefu gani. Zipora alikuwa anapita. Yeye hakucheka, kwa sababu aliiona mikono ya yule mwanamke. Ilikuwa inafungua na kufunga mkoba, kama mikono ya mtu aliyetoka kutambua maiti.

Sasa alimfuata ndani.

Sebuleni palikuwa na meza ya chakula na viti vyake, na pembeni meza ndogo yenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama mgonjwa aliyefunikwa shuka. Kando yake simu. Zipora aliinua mkono wa simu, akausikiliza. Hapakuwa na mlio wala mkwaruzo, kimya tu kama cha shimoni.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole."

"Mume wangu ni William, mpima ardhi," alisema Evelina. "Yupo Uholanzi masomoni, hili ni juma la pili. Aliondoka kwa njia ya Kondoa na Arusha kwenda kupanda ndege Kilimanjaro. Kila jioni ananiandikia kwenye hiyo kompyuta. Hajawahi kukosa hata siku moja. Jumanne nikafungua, kompyuta haiiti. Modemu haipigi hata ile kelele yake. Leo Ijumaa. Afande, sijui kama mume wangu amelala salama tangu Jumanne."

"Mara ya mwisho kuisikia sauti yake ni lini?"

"Sauti?"

"Sauti."

"Siku aliyoondoka. Alisema simu ya kutoka kule ni ghali mno."

"Alisema, au aliandika?"

Evelina alifungua mdomo, akaufunga. "Aliandika."

Zipora alisogeza kiti karibu. "Kabla waya haujakatwa, kuna jambo ulilotaka kufanya?"

"Jambo gani tena? Nilitaka kukiandikia chuo wamwambie anipigie, hata dakika moja. Nilikuwa na hamu ya kumsikia. Nilipanga Jumanne jioni nikitoka kazini, niandike."

"Na nani alijua?"

"Wengi. Wenzangu ofisini. Jirani hapo Zaitun, alinicheka, akasema mapenzi gani haya ya kuitiwa mume na Wazungu. Shemeji Octavian. Mama."

Mama mwenyewe alikuwa ameingia, ameshika sinia la kupepetea. Bibi Ruthu alikuwa mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ametoka kijijini kuja kumliwaza binti yake.

"Shikamoo, Mama. Mbukwenyi," Zipora alimsalimu, mara ya pili kwa Kigogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa." Macho ya mama yakachangamka. "Kumbe wewe wa kwetu. Haya, mwambie huyu mwenzako ale. Tangu Jumanne anakitazama hicho kijisanduku kama kitataga yai. Sisi waume zetu walikwenda mkonge Tanga mwaka mzima, habari ikaja na mtu aliyepita. Tulilala."

"Mlilala, Mama, kwa sababu hamkuzoea kusikia," alisema Evelina. "Mimi nimezoezwa kila jioni. Umzoeze mtu maji kisha uzibe kisima, utamwambia alale?"

"Huyo mkwe wako unamwonaje?" Zipora alimuuliza mama. "Ni mtu wa namna gani?"

Bibi Ruthu aliweka sinia chini, akarekebisha kitambaa, kama mtu anayeulizwa habari za kanisani. "Baba wa nyumba hii? Ana heshima. Kasoma vitabu vyote hivyo, lakini mila hakuziacha mlangoni. Tangu amwoe binti yangu sijamwona akitafuna. Nikija, sahani yake hupita nje."

Zipora alitabasamu kidogo. Kwao ilikuwa hivyo hivyo. Babake hakuwahi kumtaja mama mkwe wake kwa jina, na mama mkwe hakumtaja yeye.

Kengele ya geti ililia. Evelina akaruka kama aliyechomwa. Mama naye akashika kifua. Nyumba nzima ilikuwa imefikia hapo: kila sauti ilikuwa panga.

Aliyeingia alikuwa mwanamume mnene, nadhifu, kalamu mbili mfukoni mwa shati, leso mkononi. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu, limevimba.

"Shemeji, poleni! Nimeona gari la polisi nikasema nimekwisha." Akamgeukia Zipora. "Octavian. Nipo ofisi moja na William, mimi na yeye ni ndugu wa kula na kulala. Shikamoo, Mama. Samahani kwa hili jicho, Afande, vumbi lenu la Dodoma halimpendi mtu wa kuja."

"Vumbi halimpendi hata mwenyeji," alisema Zipora. "Umetokea wapi, Bwana Octavian?"

"Kwetu Kanda ya Ziwa. Kule mtu anafungua jicho bila vita." Akacheka peke yake. "Ni hawa wauza shaba, Afande. Jumanne mkokoteni wa yule Bashiri ulishinda kona ile. Mkamateni huyo."

Ilikuwa njia iliyonyooka mno, na Zipora alijifunza zamani kuziogopa njia za namna hiyo, lakini utaratibu ni utaratibu. Mkokoteni ulikuwepo bado, na Bashiri juu yake, anakula karanga.

"Wewe ndiye uliyekata waya wa nyumba hii?" aliuliza Batholomeo, kifua mbele.

"Uko wapi huo waya?"

"Unaning'inia."

Bashiri alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, mimi nikikata waya utauona unaning'inia? Hebu nitukane vizuri. Sema nimeiba nguzo."

Zipora aliinamia mkokoteni. Masufuria yaliyotoboka, rimu ya baiskeli, bati. Macho ya Bashiri yalikuwa meupe kama maziwa, na nguo zake chafu kwa kutu, lakini hazikuwa na doa hata moja la utomvu. Njia ya shaba ilifia hapo.

Aliporudi ndani alimkuta Evelina amesimama mbele ya kompyuta, mkono juu ya kile kitambaa.

"Twende mjini," alisema Zipora. "Kwenye duka la mtandao. Tukazisome hizo barua."

"Tutazisomaje huko? Barua zinakuja hapa nyumbani, kwenye hii kompyuta. Mpaka laini ipone."

"Nani alikwambia?"

"Ndivyo ilivyo. Si shemeji?"

Octavian alipangusa jicho kwa leso. "Ndivyo ninavyojua mimi, lakini mimi mtu wa ramani. Nendeni mjaribu, haidhuru. Mimi nitakaa na Mama hapa, asiwe peke yake na hawa watu wanaorandaranda."

"Asante, shemeji," alisema Evelina, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshukuru kweli.

*

Duka la Nathanaeli lilikuwa Uhindini, chumba kirefu chenye pangaboi lililokuwa linazunguka kwa kulalamika. Kompyuta zilitazama ukuta, watu wakazitazama kompyuta, mlangoni zikaonekana migongo tu. Nathanaeli alikuwa kijana wa miwani. Ndiye aliyeifunga kompyuta ya Evelina na kumfundisha William kuandika barua.

"Dada Evelina! Umeadimika. Afande, karibu, nimelipa kodi."

Alipoelezwa, alicheka kwa mshangao. "Nani kakwambia barua zinakuja nyumbani kwako? Barua ziko kule, wewe ndiye unayezifuata. Ukizifuata kutoka Miyuji, kutoka hapa, kutoka mwezini, ni zile zile. Kaa hapo. Andika jina lako, na neno lako la siri, sitazami."

Evelina aliandika kwa kidole kimoja. Ukurasa ulifunguka taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu anayevuta pazia zito kwa woga. Halafu likatokea jina. William. Barua ya Jumatano asubuhi, na nyingine ya jana.

"Yupo!" Evelina alijifunika uso, akaanza kulia, mabega yakimtikisika. "Yupo, Afande, Mungu wangu, yupo, mimi nikafikiri..."

"Isome," alisema Zipora. "Ya Jumatano. Kwa sauti."

Evelina alifuta macho kwa ncha ya khanga. "'Mke wangu mpenzi, pole sana kwa mtandao kukatika hapo nyumbani. Usihangaike, barua zitakusubiri. Huku ni baridi kidogo na masomo ni mengi. Nakumbuka ile Jumapili kabla ya safari, tulivyokaa wote mezani tukala mlenda wa mama, bakuli moja, tunagonganisha mikono. Msalimie sana. William.'"

Alitabasamu katikati ya machozi. Zipora hakutabasamu.

"Rudia mstari wa kwanza."

"'Pole sana kwa mtandao kukatika hapo...'" Evelina alisita.

"Nani alimwambia?"

Pangaboi lilizunguka.

"Ulimwandikia kwamba mtandao umekatika?"

"Kwa mtandao upi?" alisema Evelina, na aliposikia alichokisema mwenyewe, rangi ikamtoka usoni.

Sisi ni watu wa pole. Mtu akijikwaa mbele yetu, pole humfikia kabla hajagusa chini. Mwana wa nchi hii anaweza kuficha panga, anaweza kuficha maiti, lakini akiijua shida yako na akakuandikia barua, pole itamtoka hata kama itamnyonga. Aliyeandika barua hii alijua Jumatano asubuhi kwamba waya wa Miyuji haupo. Uholanzi hawakujua.

"Nathanaeli," alisema Zipora, "barua inaweza kusema imetokea wapi?"

"Ikiulizwa vizuri." Kijana alivuta kiti, akabonyeza hapa na pale, na maandishi ya ajabu yakamwagika, namba juu ya namba. Alizifuata kwa kidole. Kidole kikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sema."

"Afande, hizi namba nazijua. Ni laini yangu mimi." Alishusha sauti. "Barua imetoka humu ndani."

Evelina aliondoa mikono yake kwenye vibonyezo kama aliyegusa jiko. Zipora aligeuka taratibu. Ile migongo. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akacheka kitu alichokisoma. Kwenye kimojawapo cha viti vile, asubuhi ile ya Jumatano, mtu alikaa akiwa William, akamwandikia mke wa mwenzake kwa mapenzi, akalipa, akatoka kwenda kunywa chai.

"Nani alikaa hapa Jumatano asubuhi?"

"Hatuandiki majina, Afande. Anakuja, analipa, anaondoka."

"Kompyuta yake umeifunga wewe. Barua pepe umewafundisha wewe. Na duka ni lako."

"Afande!" Jasho lilimchuruzika Nathanaeli kama aliyemwagiwa. "Naapa kwa Mungu. Nimnyang'anye mtu mume kwa barua?"

"Umewahi kula nyumbani kwao?"

"Kula? Nilipewa soda. Nikainywa nimesimama, nilikuwa na haraka."

Zipora alimtazama machoni, meupe, mazima, nyuma ya miwani. Alikuwa anataka kuuliza tena aliposikia Evelina akinong'ona. Alikuwa anaisoma ile barua upya, midomo ikicheza.

"Hakukaa mezani."

"Nani?"

"William. Ile Jumapili. Mama alikuwepo. William hawezi kula mbele ya Mama, Afande, hata umchape. Alichukua sahani yake akaenda kula uani na dereva. Mimi mwenyewe nilimpelekea maji ya kunawa." Alimgeukia Zipora, macho yamemtoka. "Sasa anakumbukaje bakuli ambalo hakulila?"

"Halikumbuki yeye. Analikumbuka aliyelila. Alikula kwa raha, na alipotaka kumbukumbu tamu ya nyumbani akachota ya kwake. Nani alikuwa mezani?"

"Mimi. Mama." Mkono wa Evelina ulimkamata Zipora kifundo cha mkono, kucha zikazama. "Na shemeji Octavian."

Zipora alikuwa ameshasimama. Jicho jekundu. Minyaa. *Ndivyo ninavyojua mimi.*

"Afande," alisema Evelina, sauti imekatika, "tumemwacha na Mama."

*

Gari la polisi lilikuwa kuukuu, na Batholomeo alikuwa dereva wa kuheshimu mashimo, lakini mchana ule hakuheshimu hata moja. Evelina alibonyeza simu yake ya mkononi kuita nyumbani, akaita, akaita. Kisha akakumbuka waya, akaiachia ikaanguka mapajani. Mama hakuwa na simu nyingine. Kati ya Uhindini na Miyuji palikuwa na mwendo wa kunywa chai tu, na katika mwendo huo hakukuwa na njia yoyote duniani ya kujua kama mtu yuko hai.

Nathanaeli alikuwa nyuma, koleo na utepe mkononi. Zipora alikuwa amempa kazi, na Batholomeo yake.

Geti lilikuwa limerudishiwa. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Upepo ulikuwa unapiga bati la banda, pa, pa, pa.

"Mama!" aliita Evelina. "Mama!"

Zipora alimrudisha nyuma kwa mkono, akasukuma mlango.

Walikuwa wanakula.

Bibi Ruthu alikuwa mwisho wa meza, Octavian pembeni yake, ugali wa mtama ukifuka mvuke kati yao, bakuli la mlenda katikati. Octavian aliinua mkono wenye tonge. "Karibuni! Mmekuja na miguu mizuri."

Hakukuwa na damu, hakukuwa na kisu, na utulivu ule ulimtisha Zipora kuliko vyote viwili. Alivuta kiti akakaa mbele yake. Evelina alisimama nyuma ya mamake, akamshika mabega.

"Mmezipata barua?" aliuliza Octavian.

"Tulikwama," alisema Zipora. "Neno la siri limekataa. Lakini tumepata anwani ya chuo, tukawaandikia kutoka mjini. Fundi yuko nyuma anaunga waya. Chuo kitapiga hapa kutueleza habari za William."

Tonge la Octavian lilisimama njiani. "Leo?"

"Wakati wowote. Kula tu."

Alikula. Alitafuna tonge lile kwa muda mrefu sana, kama mtu anayetafuna ngozi. Leso ikapanda jichoni, ikashuka, ikapanda.

"Hao Wazungu wana shughuli," alisema. "Hawatapiga."

"Tutangoja."

"Labda hata hawamjui kwa jina. Wanafunzi ni wengi."

"Watamjua."

Pa, pa, pa, lilisema bati.

Simu ikalia.

Ililia kwa ukali wa kitu kilichozibwa mdomo siku nyingi. Evelina alipiga ukelele. Mama akamwaga maji. Na Octavian alikuwa ameshafika, kiti chini, mkono wake wenye mlenda juu ya simu, ameikandamiza kwa nguvu zote.

"Msipokee!"

Ikalia chini ya kiganja chake. Ikalia. Kisha ikanyamaza, na kutoka nyuma ya nyumba ikasikika sauti ya Batholomeo: "Afande! Inaita huko? Najaribu kwa simu ya huyu kijana!"

Octavian aliutazama mkono wake juu ya simu kama mkono wa mtu mwingine.

"Uliukata waya ili chuo kisiulizwe," alisema Zipora kwa sauti ya chini. "Ulipita kwenye minyaa gizani, minyaa ikakuweka alama. Jumatano ukaenda Uhindini ukawa William. Ukampa mke wake pole kabla hajampa habari mtu yeyote wa ng'ambo. Ukakumbuka mlenda uliokula wewe. Chuo kilipouliza mbona hajafika, bila shaka ulijibu wewe. Neno lake la siri ulilijua."

"Tuliliweka wote, ofisini," alisema Octavian bila kutaka. Kisha akafumba mdomo, na ukaonekana umefumbwa moja kwa moja. Alijinyoosha. Alikuwa anarudi kuwa mtu nadhifu mwenye kalamu mbili. "Mimi nataka wakili, Afande."

Batholomeo alikuwa ameingia na pingu. Zipora alijua mlango huo ukifungwa utafunguka mahakamani, mwezi ujao, mwaka ujao, na aliyepotea hana mwaka.

Hapo ndipo Bibi Ruthu aliposimama. Alinawa mkono wake wa kulia, akaukausha kwenye khanga, akamtazama mtu aliyekula naye bakuli moja.

"William yuko wapi?"

Evelina alishika mdomo wake. Tangu aolewe hajawahi kulisikia jina hilo kinywani mwa mamake. Hata Batholomeo aliinamisha kichwa, kama watu wanavyofanya mwiko unapovunjwa mbele yao. Octavian hakuwa mwenyeji, lakini alikuwa ameishi Dodoma vya kutosha kujua kitu gani kimetupwa chini kwa ajili yake. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya kompyuta.

"Busi, huko Kondoa," alisema. "Alipofika Kondoa nilimchukua kwa gari langu, nikamchepusha njiani kwenda Arusha, nikamwambia tukague mipaka. Shamba la mwekezaji. Nililipima mimi. Akasema linameza malisho ya watu, hatasaini, na akirudi atasema. Nilimsukuma tu, Mama. Kumsukuma tu. Sikujua korongo lina kina."

"Ulishuka kumwangalia?" aliuliza Zipora.

"Nilimwita."

"Akaitika?"

Upepo ulipita chini ya mlango. Octavian alitazama sakafu.

"Aliitika."

Evelina alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno.

"Ng'ambo ya korongo kulikuwa na moshi," alisema Octavian harakaharaka, machozi yakimtoka kwenye jicho zima na kwenye lile bovu. "Boma, au wachoma mkaa, sijui. Niliuona."

"Penye moshi pana watu," alisema Bibi Ruthu.

"Afande," Batholomeo alisema kwa sauti ndogo, "Busi ile naijua. Huko makorongoni hakuna simu. Hata hizi za mkononi hazishiki. Mtu akiokotwa kule, habari inakuja na mguu."

"Ndiyo maana hatujaisikia," alisema Zipora. "Mfunge. Jaza mafuta. Tunakwenda naye atuonyeshe korongo."

Nathanaeli, ambaye hakuwa amesikia lolote, aliingia kwa mlango wa jikoni akifuta mikono, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta akaiwasha ili aonyeshe kazi yake. Modemu ikapiga kelele yake ndefu ya jogoo aliyekabwa. Taa zikachezacheza. Ukurasa ukafunguka kipande kwa kipande, na wote waliutazama, hata aliyekuwa anafungwa pingu, kwa sababu miili yao ilikuwa imezoea.

Hakuna barua mpya.

Evelina aliinama, akaushika waya pale unapoingia ukutani, akauchomoa. Kisha alimfunika mama khanga ya pili mabegani, akachukua blanketi la kitanda chake na chupa ya maji, akatoka kwenda kukaa ndani ya gari kabla ya mtu yeyote.